Kikombe cha Duara la Kati

Kitambaa kilikuwa bado kimefungwa kwenye mdomo wa chupa.

Hapo ndipo mliponiacha wiki iliyopita, nimepiga magoti chumba cha nyuma cha kanisa, mkononi nina chupa ya juisi iliyojaa mpaka shingoni. Na kule mbele, vikombe vyote vya meza ya Bwana vimeshajazwa. Sasa kama juisi haijaguswa, vikombe vile vina nini ndani?

Wewe unayeanza leo, kaa hapa karibu yangu nikueleze harakaharaka. Mimi ndiye ninayefagia kanisa na kuosha vile vikombe vidogo vya glasi. Ndiye ninayevijaza na kuvipanga kwenye trei. Trei yetu ina matundu yaliyokaa duara ndani ya duara. Duara la nje ni divai ya kweli. Duara la kati ni juisi, zabibu kavu ninazochemsha mwenyewe kila Jumamosi na kuzichuja kwa kitambaa. Rangi ni ileile, ulevi hakuna. Hiyo ni ya wale ambao pombe iliwahi kuwalaza mtaroni, wakaokoka, na tone moja tu linatosha kuwarudisha walikotoka.

Siri ya duara la kati anaijua Mchungaji, ninaijua mimi, na wanaijua wanaonyoosha mkono katikati. Basi. Mchungaji alikataa isitangazwe, mtu asije akanyooshewa kidole mbele ya meza ya Bwana.

Na leo mkono uliokuwa unakwenda katikati ni wa kaka yangu.

Fundi Cheche, ndivyo mtaa mzima unavyomwita, kwa sababu ya ile mashine yake ya kuchomelea mageti. Kanisa lilimtenga kwa ulevi. Mkewe, wifi yangu, akamchukua binti yao mdogo akarudi kwa baba yake, Mzee Kengele. Huyu ni mzee wa kanisa, na jina hilo alipewa kwa kuwa sauti yake hufika kabla ya miguu yake. Akasema mbele ya watu: "Siku kanisa litakapompokea mezani, siku hiyohiyo namkabidhi mkewe. Kabla ya hapo asinipigie hodi."

Siku yenyewe ndiyo leo.

Nikaiacha chupa sakafuni nikakimbilia mlangoni. Mama Vitambaa, yule anayetandika meza, akanizibia njia kwa mwili wake wote, na mwili anao.

"Unakwenda wapi?"

"Nina neno na kaka."

"Mkate umeshafunuliwa. Hakuna anayekatiza hapa."

"Mama, vikombe vina kosa!"

"Kosa gani? Vimejaa vizuri, vinang'aa. Aliyevijaza leo kakuzidi hata wewe."

"Nani kavijaza?"

"Nitajuaje? Nimefika nimevikuta tayari. Wewe si ulitumwa koti kwa fundi cherehani?"

Kweli nilitumwa. Mchungaji mwenyewe alinituma alfajiri nikachukue koti la kaka, asije akasimama mbele ya watu na shati lenye matundu ya cheche.

"Mama, ni divai tupu ile! Trei nzima!"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa wa homa.

"Sasa ulitaka iwe maziwa?"

Nimweleze nini? Mama Vitambaa ukimpa siri asubuhi, mchana unaisikia sokoni. Na kaka asingekuwa peke yake. Kila aliyewahi kunyoosha mkono katikati angekuwa amevuliwa nguo mchana kweupe.

Kwaya ikamaliza ubeti wa mwisho. Nikachungulia juu ya bega lake.

Kaka alikuwa amesimama peke yake mbele, koti limemkaa, ndevu zimenyolewa. Mzee Kengele ameomba trei aishike yeye, amlishe mkwe wake kwa mikono yake. Mchungaji ametupa mgongo, anamega mkate.

Nikainua mkono. Nikajiziba mdomo kwa kiganja, nikatikisa kichwa. Usinywe. Usinywe, kaka.

Akaniona!

Akatabasamu. Akadhani nalia kwa furaha. Akanikonyeza, kama alivyokuwa akinikonyeza tulipokuwa watoto na mama anatugawia nyama. Kisha mkono wake ukapita juu ya duara la nje, taratibu, kwa uangalifu wa mtu anayevuka barabara ya magari, ukaenda katikati.

Akachukua. Akaweka mdomoni.

Mimi nilikuwa naitazama shingo yake tu. Koo lilipanda, likakwama hapohapo.

Alikuwa amejua.

Divai ipo mdomoni, hajaimeza. Mashavu yametuna kidogo tu, hakuna mwingine aliyeona. Angeweza kuitema. Lakini kanisani kwetu mtu aliyekuwa nje akipokelewa, harudi ndani mpaka aseme "Amina" kwa sauti, watu wote wasikie. Watu wakawa wananyoosha shingo. Mzee Kengele akawa anangoja. Wifi, kule kwenye mabenchi ya akina mama, amejishika kifua kwa mikono miwili.

Hakuna awezaye kusema Amina na kinywa kimejaa.

Akameza.

"Amina!" Sauti ikagonga bati. Vigelegele vikalipuka kanisa zima, na mimi nikateleza na ukuta mpaka chini.

Ibada ilipokwisha nilimkimbilia Mchungaji. Nikamkuta ameshapanda pikipiki, ana ibada nyingine ng'ambo ya kilima, injini inanguruma.

"Mchungaji! Duara la kati! Lilikuwa..."

"Nimeona!" akapaza sauti, uso unang'aa. "Nimeona, binti! Bwana asifiwe!"

Akaniachia moshi.

Nilipogeuka, mkono ukanikamata na kunivuta nyuma ya tangi la maji. Kaka. Paji la uso limelowa jasho.

"Ulinipa nini?"

"Si mimi, kaka. Nimekuta vimejazwa. Juisi haijaguswa."

"Nilinyoosha mkono katikati."

"Nimekuona."

"Ilipogusa ulimi tu nikaijua. Nikasema niteme. Niteme wapi, kwenye viatu vya baba mkwe?" Akacheka, kicheko kibaya, kifupi. "Dada, nimeisikia mpaka kwenye kucha. Mwili wote umeamka, unaniuliza: tulikuwa wapi siku zote hizi?"

"Ni tone tu, kaka. Litapita."

"Kwako wewe litapita."

Akanishika mabega yote mawili.

"Sikia. Nipeleke nyumbani sasa hivi. Nifungie kwa nje. Nikikuambia fungua, usifungue. Nikilia, usifungue. Nikikutusi, nenda kwa jirani kaongeeni mambo yenu. Kesho nitakuwa mtu."

"Twende."

Tukatoka. Hatukufika hata getini.

"Mkwe!"

Kengele ilikuwa imelia. Mzee akaja amenyoosha mikono, nyuma yake wifi na begi lake. Mtoto akachomoka akakimbia mbele ya wote.

"Baba! Koti lako lina vifungo vya dhahabu!"

Kaka akamwinua, akauficha uso wake kwenye shingo ya mtoto. Wengine waliona furaha. Mimi nilimwona mtu anayezuia pumzi yake isinuswe.

"Baba watoto," wifi akasema, kwa aibu ya bibi harusi.

"Mama watoto."

Basi, hawakuongeza. Lakini macho yaliongea, jamani. Mwaka mzima wa kulala mbalimbali ulikuwa mle.

"Tunakwenda kwangu," Mzee akatangaza. "Tule, tumshukuru Mungu, halafu namkabidhi mtu na mkewe mbele ya mashahidi."

"Baba," kaka akasema, "naomba nipite nyumbani mara moja."

"Nyumbani kuna nini? Kuta zimekumisi?"

Watu wakacheka.

"Kichwa kinaniuma kidogo, baba."

"Kichwa kitapona mezani. Mkwe, nisikilize." Sauti ikashuka, na Mzee Kengele akishusha sauti ndipo hutisha. "Nimealika watu. Ukiniondokea leo, huyu binti anarudi ndani kwangu, na mimi mlango siufungui mara mbili."

Kaka akanitazama. Nikamtazama. Mtoto alikuwa anachezea vifungo vya koti.

Tukaenda.

Nyumba ya Mzee ina sebule kubwa yenye mapazia mazito, na jikoni kwake unaweza kulisha kikosi. Nilitupa mkoba nikaingia kusaidia kuosha vyombo. Wifi alikuwa anaimba peke yake. Akaniona, akafunga mlango kwa kisigino.

"Wifi yangu, nikwambie kitu? Usimwambie mtu."

"Niambie."

"Vikombe vya leo nimevijaza mimi."

Kijiko kikanitoka mkononi.

"Usishtuke! Najua ni kazi yako, usinikasirikie. Nilimwomba mlinzi anifungulie kabla hamjaja." Akanisogelea, macho yamejaa maji. "Wifi, nilikuwa naogopa. Baba ananiambia amepona. Mchungaji ananiambia amepona. Wewe mwenyewe uliniambia amepona. Lakini nyinyi hamlali naye. Mimi ndiye ninayejua mlango ukipigwa teke unasikikaje ukiwa umemkumbatia mtoto. Nikataka Mungu mwenyewe aniambie."

Nilikuwa nimeshaanza kuelewa, na nilikuwa sitaki kuelewa.

"Nikavijaza kwa mkono wangu mwenyewe," akaendelea. "Kila kikombe nikakiombea. Nikasema, Bwana, sijui atachukua kipi, lakini akikinywa, akabaki na akili zake, nitajua umemponya kabisa, narudi kwake bila hofu. Na umeona! Kanywa divai, kasimama wima, kasema Amina mpaka bati likaitika!"

Akanikumbatia. Mikono yake ilikuwa na povu la sabuni, ikaniloweka mgongo. Nikasimama mle kwenye kumbatio kama gogo.

Msomaji, ungefanya nini wewe? Nimwambie, wifi, kikombe kile ndicho tulichokuwa tunamkwepesha? Nimwambie wewe ndiye uliyemtia moto, na maombi yako ndiyo kiberiti? Na nisipomwambia?

Nikajikaza.

"Wifi, nisikilize. Kuna kitu hukukijua..."

"Leteni chai!" Kengele ikapenya ukuta.

Wifi akaniachia, akafuta macho kwa upande wa kanga, akanyanyua birika kubwa kutoka kwenye meza. Nikaona halitoi mvuke. Lilikuwa linatoa jasho la baridi, na kwenye mdomo wake povu jeupe.

"Chai gani hiyo?"

Akatazama chini. "Chai ya baridi. Ndivyo baba anavyoiita. Yeye na wageni wake hunywa kidogo tu, kwa adabu. Inatiwa kwenye birika na vikombe, mtoto asione chupa. Lakini usiwe na wasiwasi, kaka yako nimempikia chai ya kweli. Chukua hiyo thermosi."

Nikaibeba thermosi kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kwenda kwenye nyumba inayoungua.

Sebuleni walikuwa wameketi Mzee, Mwalimu wa kwaya na Mtunza Hazina wa kanisa, mtu mnene mwenye utani mwingi. Kaka amewekwa kwenye kiti kikubwa, kiti cha heshima, katikati yao. Nikammiminia chai ya kweli, nikaiweka mbele yake karibu kabisa.

"Kunywa ingali moto," nikamwambia.

Akaishika kwa mikono miwili.

Mzee akalipokea birika kwa wifi, akamimina ya kwake. Akawamiminia wageni. Harufu ikapanda, ikajaa chumba, na nikaona pua ya kaka inaifuata bila yeye kutaka.

"Hiyo ni ya watoto," Mzee akasema, akasukuma thermosi pembeni. Akavuta kikombe kingine, akakijaza kwa mkono wake, akakiweka mbele ya kaka. "Leo umerudi nyumbani. Kunywa na wanaume wenzako."

"Baba, mimi sinywi."

"Hakuna aliyesema ulewe. Dhambi ni ulevi. Hiki ni kinywaji, kinachangamsha maongezi. Mimi nimekunywa hivi tangu sijaota mvi, umewahi kuniona nimelala njiani?"

"Sijawahi, baba."

"Basi?"

"Mwache, Mzee," Mtunza Hazina akadakia. "Huyu kazoea ndoo. Kikombe kwake ni matusi!"

Wakacheka. Mwalimu wa kwaya alipaliwa mpaka akapigwa mgongoni.

Kaka naye akacheka. Alikuwa anajitahidi, jamani. "Kweli, baba. Kwangu moja haijawahi kuwa moja. Niwie radhi."

"Haijawahi?" Mzee akaweka kikombe chake chini. "Asubuhi nimekushikia trei kwa mikono hii. Umekunywa divai, macho yangu yakiona. Umeanguka? Hukuanguka. Umetukana mtu? Hukutukana. Umeimba hata wimbo wa baa? Umesema Amina. Sasa niambie, mkwe. Ya Bwana umeipokea, ya kwangu ndiyo yenye sumu?"

Kaka akaizungusha chai yake kikombeni.

Nikaona mtego ulivyofunga. Kujitoa kulikuwa na njia moja tu: aseme kwamba kila aliyepona hunywa juisi, na kwamba leo alikosewa. Na akisema hivyo, swali linalofuata ni: nani alikosea?

"Baba, asinywe," nikasema. Sauti yangu ilitoka nyembamba. "Nawaomba. Asinywe."

Wote wakageuka.

"Huyu anafagia kanisa au siku hizi anahubiri?" Mtunza Hazina akauliza.

"Binti, sahani zimekwisha huku," Mzee akasema, bila hata kunitazama.

"Baba, usimlazimishe." Hii ilikuwa sauti ya wifi, mlangoni, amerudi na birika alilokwenda kulijaza tena.

"Wewe nyamaza. Wewe si ndiye uliyekuwa unanililia humu ndani kwamba mume ana pepo? Pepo limetoka, kanisa limeshuhudia. Sasa unataka alelewe kama yai?" Akamgeukia kaka. "Nitakwambia kama baba. Mtu aliyepona hakiogopi kikombe. Ukikiogopa, maana yake hujapona. Na mtu ambaye hajapona, mimi simpi binti yangu na mjukuu wangu aondoke nao. Chagua mwenyewe."

Mtoto alikuwa ameketi kwenye zulia, anavivua viatu vyake vya Jumapili.

Kaka akakitazama kikombe. Akamtazama mkewe. Akainua macho akaniangalia mimi.

"Dada. Nani alijaza vikombe leo?"

Nikatazama sakafu.

"Unajua. Umetoka jikoni na uso mwingine. Niambie tu, nitulie."

"Kaka, hilo tuliongee nyumbani..."

"Ni mimi, baba watoto."

Wifi alikuwa amesogea mpaka mezani. Anatabasamu, shavuni bado ana tone la sabuni. Anajivuna, maskini, kwa kile alichomfanyia mumewe.

"Nilivijaza mimi, nikakuombea. Nilitaka leo upokee kutoka mkononi mwangu."

Kaka akamtazama muda mrefu. Nilisubiri apasuke. Nilimjua kaka yangu wa zamani, kwa dogo kuliko hilo alikuwa akivunja kiti. Neno moja tu lilitosha: umeniua. Na mwanamke yule asingeinua tena uso wake mbele ya baba yake, wala mbele ya kanisa, wala mbele ya kioo.

"Uliniombea?" akauliza.

"Kila kikombe."

"Asante, mama watoto."

Akainua kikombe cha Mzee Kengele, akakinywa chote. Akakirudisha mezani polepole, hakikutoa mlio.

"Mnaona!" Mzee akapiga makofi. "Mtu mzima huyo! Mnaona anavyokinywa kwa adabu?"

"Ongeza," kaka akasema.

"Ha! Kamaliza kufunga!" Mtunza Hazina akalivuta birika mkononi mwa wifi, akamimina, akamrudishia.

Kikaisha.

"Ongeza."

Safari hii kicheko kilikuwa kidogo. Mwalimu wa kwaya akaangalia saa yake. Tabasamu lilikuwa bado lipo usoni kwa wifi, lakini lilikuwa limebaki kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba.

"Ongeza, mama watoto. Birika unalo wewe."

Wifi hakumimina. Mzee akamwambia, "Mmiminie mumeo, wageni wanaangalia." Nikaruka nikalishika birika kwa upande wangu. Akalishika kwa wake. Tukawa tumesimama, wanawake wawili na chombo kimoja, hakuna anayevuta na hakuna anayeachia.

Kaka akainuka. Akaja katikati yetu. Akafungua vidole vyangu kimoja kimoja, kisha vya mkewe, kwa upole, kama mtu anayempokea mtoto mzigo uliomzidi. Nilitamani angetupiga. Ningepiga kelele, majirani wangekuja. Kwa upole ule nilifanye nini?

"Msigombane," akasema. "Kaeni, mle chakula."

Akatoka nalo ukumbini, anayumba kidogo tu.

"Baba anakwenda kuosha birika?" mtoto akauliza.

Tulisikia hatua zake zinapita jikoni, hazikusimama. Zikapita mlango wa uani, hazikusimama. Zikasimama mbele zaidi, mlango ukalia, na komeo likavutwa kwa ndani.

Mzee Kengele akasimama ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sauti yake haikufika mbali.

"Kaingia stoo," akanong'ona.

"Kuna nini stoo?" nikauliza.

Mzee akawatazama wageni wake. Wageni wakatazama vikombe vyao. Ni Mwalimu wa kwaya aliyenijibu, anatazama zulia.

"Kreti zote za bia za Mzee ziko mle."

Wifi alikuwa ameshafika mlangoni pa stoo. Alipiga mlango kwa viganja, kwa ngumi, mwisho kwa paji la uso.

"Baba watoto, fungua! Baba watoto, tunaondoka, begi langu hili hapa! Nifungulie twende nyumbani!"

Nikasimama nyuma yake. Nilijaribu bawaba, nilijaribu kitasa. Mlango ulikuwa wa chuma. Nikautambua ule mstari wa kuchomelea, mzuri, umenyooka, hauna hata tundu la sindano: alikuwa ameutengeneza kaka mwenyewe, zawadi ya mkwe, mwaka aliooa.

"Fungua, mume wangu! Nakuomba!"

Mle ndani kizibo cha chupa kikadondoka kwenye sementi, kikabingirika, kikatulia.

Halafu kingine.